Open Camera au ProShot: ipi kwa ukungu wa Mbeya?

Kamera ya simu ikiona ukungu wa asubuhi pale mlima Loleza hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na picha inatoka ya kijivu. Ndiyo maana watu hutafuta programu inayokuachia wewe uamue ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) na fokasi.

Open Camera ni ya Android tu, ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi. Tatizo ni sura yake: vitufe vidogo, menyu ndefu. Vidhibiti vya mkono usipoviona, ingia kwenye mipangilio uchague Camera2 API (njia ya Android inayoiruhusu programu kudhibiti kamera). Visipotokea hata hapo, basi simu yenyewe haiviruhusu, na hakuna programu ya kulipia itakayokuokoa. Kwa hiyo anza na hii kabla hujatoa hela.

ProShot inalipiwa, na ipo kwa Android na iPhone. Aliyewahi kushika kamera kubwa atajisikia nyumbani: P (kamera inakusaidia kupanga mwanga), M (unapanga yote kwa mkono), na nafasi za kuhifadhi mipangilio yako. Ninapoipendea hasa ni maporomoko, mfano Kaporogwe kule Rungwe. Tundu la lenzi kwenye simu nyingi haliwezi kupunguzwa, hivyo ukichelewesha shata mchana picha inaungua kwa mwanga. ProShot ina hali ya kuunganisha fremu nyingi, maji yakalainika kama pamba. Stendi ni lazima, lakini.

Zote mbili hutoa picha ghafi za DNG (ambazo simu haijazichakata), simu ikikubali. Faili hizo ni nzito. Ukienda hifadhi ya Kitulo msimu wa maua, futa video za WhatsApp kwanza.