Shule ya wanangu kipindi cha korona, nawapa nyota nne

Watu wananiulizaga kwanini watoto wangu wote nimewabana shule ile ile ya huku Tabata na ada yake si ya kitoto. Jibu liko 2020. Si mnakumbuka Machi 17 Waziri Mkuu Majaliwa alivyotangaza shule zifungwe siku 30, tukaona mchezo, kumbe wa msingi mpaka Juni 29 ndo wanarudi darasani.

Shule nyingi kazi ilikuwa kumwaga mapidiefu kwenye grupu la wasapu, makurasa kibao, kaprinti mwenyewe mzazi. Na ya kwetu ilianza hivyo hivyo, wazazi tukalalamika, mwalimu mkuu (mama mmoja mkali huyo, akikohoa tu mstarini kimya) akafanya kitu sikutegemea kabisa, akawaambia walimu andalio la somo wekeni pembeni kwanza, kila mtu afundishe anavyoona mtoto ataelewa, bando shule inalipa kila Jumatatu, na ikibuma hamna wa kuulizwa.

Basi bana. Mwalimu wa hisabati darasa la tano akaenda kukaa kwenye genge la mkewe, simu kaiegemeza kwenye ndoo ya vitunguu, anafundisha asilimia kwa mafungu ya nyanya, fungu lina kumi, zimeoza mbili, hasara asilimia ngapi? Katikati ya somo anakuja mteja anaulizia bamia, mwalimu anamhudumia kwanza anachukua hela ndo anarudi, "haya tunaendelea". Mwanangu aliirudia ile video sijui mara ngapi, anacheka peke yake, na asilimia mpaka leo hazimsumbui. Wa Kiswahili alikuwa anatuma vitendawili kwa sauti na mtoto anamjibu kwa sauti, hilo hata bando dogo linatosha. Wa sayansi alijaribu majaribio jikoni kwake ikabuma kweli, giza tupu, unasikia masufuria tu 😂 na mkuu hakumsema, alimwazima simu yake yenye kamera nzuri.

Nyota moja nawanyima. Wasio na simu janja walikaa karibu mwezi mzima ndo wakaanza kuletewa makaratasi na boda, halafu hela ya basi tuliendelea kudaiwa mpaka tulipoenda kupiga kelele ofisini, basi lenyewe limepaki pale uwanjani tairi zimeisha upepo.

Anayetaka nafasi aende mwenyewe asubuhi, simu ya mapokezi hawapokeagi.