Twiga wa New York au samaki wa Sydney?

Kila Jumamosi wanangu wawili hugombania filamu mbili za katuni: Madagascar ya 2005 na Finding Nemo ya 2003. Wao husinzia katikati. Mimi ndiye ninayezimaliza, nikikuna kichwa.

Madagascar hunikera mapema. Simba, pundamilia, twiga na kiboko wa bustani ya wanyama ya New York wanapakiwa melini waletwe Kenya. Yaani kwetu huku, labda Kilindini! Njiani pengwini wanaiteka meli na kuigeuza kuelekea Antaktika. Masanduku yanatumbukia majini, na bahari inawatema wote wanne kisiwa kimoja, wazima. Mwanangu wa mwisho, ambaye mawimbi ayajua kwa kupanda feri ya Likoni, aliniuliza, "Mama, yule twiga kafikaje na shingo ile?" Nikamwambia ale viazi karai vyake.

Nemo nayo, kisa cha samaki baba aliyefiwa na mkewe na anayemtafuta mwanawe aliyepotea, ina uongo wake. Huyo mtoto anapitia sinki ya daktari wa meno mpaka baharini, yu hai. Kubwa zaidi, kwa samaki wa aina ile jike akifa, dume lake hugeuka jike. Baba angekuwa mama! Lakini mkondo wa bahari unaomsaidia baba huyo kufika Sydney upo kweli, mashariki mwa Australia, na mzazi kuhangaikia mtoto aliyepotea sihitaji kuelezwa.

Basi rimoti ikiwa mkononi mwangu, ni Nemo. Hilo la baba kugeuka mama sijawaambia; baba yao mwenyewe bado hajalimeza.