Maji ya kupikia bia Dodoma: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Mtu akianza kupika bia nyumbani hapa Dodoma, pesa yake yote huishia kwenye kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira. Maji anafungulia bomba tu. Wiki kadhaa baadaye bia inatoka na ukakasi unaong'ang'ania ulimi, au inanuka plasta ya kidonda, na lawama zote anabebeshwa muuza hamira.

Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa yanatoka visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, kaskazini mwa mji. Yamekaa chini kwenye miamba na yamebeba madini yake. Ushahidi unao jikoni: ule ukoko mweupe ndani ya birika, na sabuni ya kipande inayogoma kutoa povu. Kinachomsumbua mpika bia zaidi ni bikaboneti. Kimea kikilowekwa kwenye maji ya moto kinataka pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) kati ya 5.2 na 5.6. Bikaboneti ikiwa nyingi pH inapanda, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinazubaa, na maganda yanaachia ukakasi, hasa wakati wa kusuuza machicha. pH ya maji yenyewe isikutie wasiwasi. Maji mawili yenye pH 7.5 yanaweza kutoa bia mbili tofauti kabisa, kwa sababu moja yana bikaboneti tele na mengine hayana.

Maduka ya mtandaoni yatakuuzia kwanza vipakiti vya chumvi za bia. Mimi nimeviweka nyuma. Chumvi huongeza, na shida yetu sisi ni kupunguza. Orodha hii ni ya mtu anayepika lita 20 kwa mara moja, kwa matumizi ya nyumbani. Ukitaka kuuza, hilo ni suala la leseni.

1. Maji ya RO, ya chupa kubwa au ya kujaziwa dumu

Hapa ndipo shilingi yako ya kwanza iende. RO ni uchujaji wa kusukuma maji kwenye utando mwembamba sana unaobakiza karibu madini yote nyuma. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba, bikaboneti, chumvi ya kawaida na kila kingine kinapungua karibu nusu, bila hesabu za kuumiza kichwa. Kwa bia ya rangi ya dhahabu naweka madumu matatu ya RO kwa moja la bomba. Kwa bia ya kahawia, nusu kwa nusu. Kwa bia nyeusi, maji ya bomba yanaweza kutosha yenyewe, maana kimea kilichokaangwa kina asidi yake na kinavumiliana na bikaboneti. Dublin kule Ayalandi walijenga jina lao kwa bia nyeusi na maji yenye bikaboneti nyingi. Plzeň kule Ucheki maji yao karibu hayana madini, na ndiko ilikozaliwa bia ya pilsner. Anayeanza na kimea chepesi kwa maji matupu ya Makutupora anajitafutia kazi.

Anayetumia kimea cha maji kizito cha kopo yeye atumie RO peke yake. Madini ya maji ya kiwandani tayari yamo ndani ya kopo.

Tahadhari moja: si kila kibanda kilichoandika "maji safi" kina RO. Vingine vina chujio la mkaa na taa ya kuua vijidudu, basi. Hayo ni salama kunywa, lakini madini yote bado yamo. Ndiyo maana namba mbili ipo hapo ilipo.

2. Kipima TDS

Ni kijiti cha betri chenye bei ndogo kuliko kilo chache za kimea. Kinapatikana Kariakoo na kwa wauzaji wa mtandaoni, kinakuja kwa basi. Kinapima jumla ya madini yaliyoyeyuka. Maji ya RO yenye afya yanasoma chini ya 50. Ukiambiwa ni RO na kijiti kinasoma mamia, umeuziwa bomba lililochujwa. Udhaifu wake ni kwamba hakitofautishi bikaboneti na chumvi ya mezani. Ukitaka kujua hilo, tafuta kipimo cha matone cha KH, kinachopima bikaboneti, kile cha wafuga samaki wa mapambo: unahesabu matone hadi rangi ibadilike, na kila digrii moja ni kama miligramu 18 kwa lita, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti.

3. Metabisulfaiti

Ile harufu ya plasta inatokana na klorini ya bomba ikikutana na vitu vilivyomo kwenye kimea. Maji yakilala kwenye ndoo iliyo wazi au yakichemshwa, klorini ya kawaida hutoroka, na wengi wetu tunaoishi kwa mgao tuna maji yaliyokaa simtanki siku mbili tatu tayari. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ndiyo haitoroki kirahisi. Metabisulfaiti ya potasiamu inamaliza zote mbili kwa dakika chache: robo ya kidonge chake (huitwa Campden), au takriban gramu 0.1 ya unga, kwa lita 20. Hapa Dodoma tuna bahati, kwa sababu ni dawa ileile ya watengeneza mvinyo. Ukiwa na jamaa anayekamua zabibu Hombolo au Mpunguzi, muulize kabla hujaagiza mbali. Kopo dogo linakaa muda mrefu sana. Funga vizuri, na usiinuse.

4. Asidi ya laktiki

Hii ni ya siku ambayo maji ya RO hayapo au fedha haitoshi. Asidi ya asilimia 88, mililita 3.4 hivi, inashusha bikaboneti ya lita 20 kwa miligramu 100 kwa lita, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Nunua na bomba la sindano lisilo na sindano, maana kijiko hakifai. Usizidishe, ladha ya maziwa mgando itajitokeza. Watu huniuliza kuhusu ndimu. Inashusha pH kweli, ila ladha yake haijifichi, na kila tunda lina ukali wake.

Mafundi wa ujimbi hawasumbuliwi na haya yote. Pombe yao ya mtama au uwele ina uchachu wake, asidi inajitengeneza yenyewe.

Kuna njia ya bure, au karibu bure: chemsha maji, yaache yapoe, kisha mimina ya juu ukiacha unga mweupe chini. Sehemu ya bikaboneti imeondoka pamoja na kalsiamu. Chumvi ya mezani haitoki kwa moto, wala floraidi. Kwa bei ya mkaa ya sasa, fanya hesabu kwanza.

5. Chumvi za bia

Ukishatumia RO nyingi, sasa zina kazi, kwa kuwa hamira na kimea vinahitaji kalsiamu, angalau miligramu 50 kwa lita. Kloraidi ya kalsiamu huipa bia unene na utamu wa kimea: gramu moja kwenye lita 20 inaongeza kalsiamu 13.6 na kloraidi 24. Jasi, yaani jipsamu, huchongoa uchungu wa hopsi, kama zilivyo bia za Burton upon Trent kule Uingereza: gramu moja inaongeza kalsiamu 11.6 na salfeti 28. Ukinunua moja tu, chukua kloraidi ya kalsiamu. Nunua ya chakula. Jipsamu ya fundi dari ni ya dari.

Maji ya mvua na boza

Mvua za hapa ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na maji yake hayana madini kama yalivyo ya RO. Acha mvua za mwanzo zioshe vumbi la bati, chuja, chemsha, ongeza kloraidi ya kalsiamu. Yangekuwa namba moja kama yangepatikana Agosti. Boza sipendekezi: leo limechota kisima hiki, kesho kile. Visima vingine vya kanda hii, Singida hasa, vina floraidi nyingi kuliko kiwango cha WHO cha miligramu 1.5, na kuchemsha kunaizidisha makali.

Viache dukani

Mashine ya kulainisha maji kwa chumvi: inatoa kalsiamu unayoihitaji, inaweka sodiamu usiyoihitaji, bikaboneti inabaki palepale. Mashine ya RO ya nyumbani nayo hutupa lita kadhaa kwa kila lita inayokupa. Kwenye nyumba ya mgao, labda kama maji hayo yatakwenda chooni. Na maji ya betri ya kituo cha mafuta, hata lebo iseme yamekenekwa, yabaki kwenye betri: chupa za asidi ziko rafu hiyohiyo.