Padi ya gemu: uliza sensa ya analogi kabla hujauliza bei

Malalamiko ya wasomaji kuhusu padi yanafanana mno. Mchezaji wa mpira anakwenda kushoto bila kuguswa. Kamera inazunguka taratibu yenyewe. Kwenye menyu, chaguo linashuka kabla hujabonyeza kitu. Padi ilinunuliwa mpya, haijadondoshwa, haijamwagiwa maji, na haijamaliza mwaka. Hiyo ndiyo drifti, na mara nyingi chanzo chake kilikuwa tayari ndani ya padi siku inatoka kwenye boksi.

Kwa sababu hiyo, rangi, taa na umbo siviongelei. Hivyo mtaviona wenyewe kwenye picha. Swali langu ni moja tu: analogi, yaani kijiti unachosukuma kwa kidole gumba, inausoma mkono wako kwa kutumia nini?

Padi nyingi, zikiwemo za kampuni kubwa zenye konsoli zao, zinatumia potenshiometa. Kila analogi inazo mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini. Ndani yake kuna utando mwembamba wa kaboni, na juu ya utando huo kidole kidogo cha chuma kinachosugua kila unaposukuma analogi. Volti inayosomwa hubadilika kufuatana na mahali kidole kilipo, na padi huigeuza kuwa mwelekeo. Ni kifaa kilekile kilichomo kwenye kitufe cha sauti cha redio za zamani, ambacho kikichakaa huanza kukwaruza ukikizungusha. Kaboni inalika, na inalika zaidi pale katikati kwa sababu ndipo kidole kinapopita kila mara. Ikishalika, padi haijui tena katikati ni wapi. Moduli, yaani kipande kizima cha analogi, ya kampuni ya Alps iliyomo kwenye DualSense, padi ya PS5, imekadiriwa na mtengenezaji wake kudumu mizunguko milioni 2. Kwa mtu anayecheza gemu za kulenga shabaha kila jioni, akirekebisha mkono mara kadhaa kwa sekunde, hiyo si namba kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo wachache wanalitazama. Angalia shingo ya analogi iliyotumika, pale inapogonga ukingo wa tundu. Utaona unga mweupe. Ni plastiki ya shingo inayosagwa na ukingo, na unga huo unashuka hadi kwenye utando wa kaboni. Ndiyo maana drifti nyingine hupotea ukipuliza tundu, kisha inarudi. Padi zenye pete ngumu na laini kwenye ukingo huo hazitoi unga kwa kiasi hicho, nami pete hiyo naihesabu kuwa muhimu kuliko batani za mgongoni.

Badala ya potenshiometa kuna sensa za sumaku, za aina mbili. Ya kwanza ni ya Hall: sumaku ndogo inageuka pamoja na analogi, na chipu inapima nguvu ya sumaku bila kitu kugusana na kingine. Hakuna msuguano, kwa hiyo hakuna cha kulika. Ya pili ni TMR, nayo ni ya sumaku vilevile, ila inatumia umeme mdogo kuliko Hall na inaona hata mabadiliko madogo zaidi, jambo linalosaidia katika kulenga polepole. Kati ya hizo mbili, usijisumbue sana. Tofauti kubwa ni kati ya sumaku na kaboni.

Wala sumaku haiponyi kila kitu. Springi inayorudisha analogi katikati inachoka kwenye padi yoyote. Na kampuni nyingine huweka sensa nzuri kisha zinaiharibu kwa dedizoni kubwa iliyofungwa ndani, yaani lile eneo la katikati ambalo padi inapuuza mwendo wako. Unasukuma kidogo, hakuna kinachotokea, halafu ghafla kamera inaruka. Padi ya namna hiyo haitaonyesha drifti, ila kulenga nayo ni mateso.

Sasa wauzaji. Hapa nina kinyongo nao, na nina sababu. Neno "Hall" likiandikwa kwenye tangazo, soma linaelezea nini. Mara nyingi linaelezea L2 na R2 peke yake, vile vifyatulio vya vidole vya shahada, na analogi zimeachwa na kaboni yake. Padi za Xbox zina sensa za sumaku kwenye vifyatulio vyake tangu Xbox One ya mwaka 2013, lakini analogi za padi ya kawaida ya Xbox ni za potenshiometa hadi leo. Muuzaji anayesema "ina Hall" hapo hajadanganya, na mnunuzi amelipia kitu asichokipata. Ukurasa wa bidhaa unataja taa kumi na mbili na hautaji sensa ya analogi? Chukulia ni kaboni. Anayetumia sensa ya sumaku haachi kusema, anaiandika mbele ya boksi.

Jina la modeli pekee nalo halitoshi. Padi ya Pro 2 ya kampuni ya 8BitDo ilitoka mwaka 2021 ikiwa na potenshiometa, ikaja kubadilishiwa analogi za Hall baadaye kwa jina lilelile. Ultimate yao ya 2.4G ilipitia hayohayo. Maduka yenye mzigo wa zamani yanaendelea kuuza toleo la mwanzo kwa picha za toleo jipya. Omba picha ya boksi lenyewe lililopo rafuni kwake, na aina ya sensa isomeke. Akikutumia picha ya tangazo, tafuta muuzaji mwingine.

Orodha yangu ni hii, na sifichi kwamba 8BitDo ndio ninaowapa nafasi ya kwanza, pamoja na kosa hilo la majina.

Ya kwanza ni 8BitDo Ultimate 2 Wireless, kwa wanaochezea kompyuta au simu ya Android. Analogi ni za TMR, L2 na R2 ni za Hall na zina swichi ya kuzigeuza ziwe za kubonyeza kwa ufupi, na inakuja na kituo cha kuchajia. Kinachonifanya niisimamie ni programu yao ya kompyuta: unaweka dedizoni unayotaka kwa kila analogi, hadi sifuri, na unairekebisha katikati mwenyewe. Kwenye kompyuta tumia kile kidude cha USB cha 2.4G badala ya Bluetooth, maana ndicho kinachotuma taarifa mara 1,000 kwa sekunde. Bluetooth iachie simu. Mwenye Switch, konsoli ya Nintendo, asinunue hii, achukue dada yake, Ultimate 2 Bluetooth. Majina yanakaribiana na watu wanakosea kila siku.

GuliKit KK3 Max ni ya pili, na kwa nyumba yenye Switch, kompyuta na simu kwa pamoja inaweza kuwa ya kwanza, kwa kuwa inaunganishwa na zote. Analogi za Hall, batani nne za mgongoni, na batani za ABXY zinatoka ukazipanga kwa mpangilio wa Nintendo au wa Xbox. Ina modi ya kuzima dedizoni kabisa. GuliKit pia wanauza moduli za sumaku za kuwekea padi za kampuni nyingine, na kampuni inayouza vipuri naiheshimu kuliko inayotaka utupe padi nzima.

Kwa Xbox ni GameSir G7 SE. Ni ya waya, na ndiyo, waya unakera wengine. Lakini analogi ni za Hall, vifyatulio vya Hall, batani mbili za mgongoni, tundu la hedifoni la milimita 3.5, na ina leseni ya Xbox. Leseni ni lazima. Tangu Novemba 2023 Xbox inazuia vifaa visivyoidhinishwa na kuonyesha namba ya kosa 0x82d60002, na padi uliyonunua inageuka pambo. Waya nao una faida yake: hakuna betri ya kuzeeka.

Mwenye PS5 ndiye aliyebanwa kuliko wote. Gemu za PS5 hazikubali padi yoyote ya nje isiyo na leseni, na mtetemo wa kina pamoja na L2 na R2 zinazobadili ugumu utavipata vizuri kwenye DualSense, ambayo analogi zake ni za kaboni. Nacon Revolution 5 Pro ina leseni na analogi za Hall, ila kwenye gemu za PS5 haitetemi. Kwa hiyo unachagua unachokipoteza. Mtu wa gemu za kulenga na mashindano achukue Nacon, au Victrix Pro BFG Reloaded ambayo nayo ina Hall. Mtu wa hadithi ndefu na mbio za magari abaki na DualSense, akijua kwamba siku moja atabadilisha moduli. Kazi hiyo ina nukta 14 za risasi ya kuyeyusha kwa kila analogi, na baada yake padi lazima irekebishwe katikati upya kwa programu. Fundi asiyejua hatua hiyo ya mwisho atakurudishia padi yenye drifti kuliko ilivyokuja.

DualSense Edge ya 2023 siiweki kwenye orodha. Moduli zake za analogi zinachomoka bila kuyeyusha risasi, na wazo hilo ni zuri sana. Lakini ndani ya moduli ni kaboni ileile, na ikilika unanunua nyingine. Padi ya hadhi ya juu, bei ya juu, na ugonjwa uleule wa padi ya kawaida! Xbox Elite Series 2 ya 2019 ina kasoro hiyohiyo, tena moduli zake hazichomoki.

Kinachouma ni kwamba ujuzi huu si mpya. Padi ya Sega Dreamcast, iliyotoka Japani mwaka 1998, ilikuwa na analogi ya sumaku. Mwezi Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu wa Joy-Con, padi za Switch zilizolalamikiwa kwa drifti. Mwaka 2025 ikaja Switch 2, na analogi za Joy-Con zake mpya bado si za Hall. Wanunuzi wakiendelea kuuliza rangi peke yake, hakuna atakayebadilisha.

Joy-Con za Switch ya kwanza ndizo rahisi kutibu. Analogi yake inashikwa na skrubu na utepe wa umeme, haina risasi ya kuyeyusha. Unahitaji bisibisi ya ncha tatu yenye umbo la Y, nyingine ndogo ya msalaba, moduli mbili za Hall, na uangalifu wa kutochana tepe za ndani unapofungua ganda. Ukishafunga, nenda kwenye mipangilio ya Switch, sehemu ya vidhibiti na sensa, urekebishe analogi.

Kwa bajeti ndogo, 8BitDo Ultimate 2C Wireless: kompyuta na Android, analogi za Hall, imetosha. Chini ya hapo sina ninachopendekeza. Nakala za DualShock 4, padi ya PS4, zinazouzwa kama orijino ziacheni.

Ukiipokea padi, ipime siku hiyohiyo kabla muda wa kurudisha haujaisha. Iunganishe na kompyuta, fungua ukurasa wowote wa kupimia padi kwenye kivinjari, unaoonyesha namba za kila analogi kuanzia -1 hadi 1. Usiguse. Namba zikikaa chini ya 0.05 ni sawa, zikifika 0.1 irudishe. Kisha sukuma analogi kushoto kabisa uiachie ghafla, uandike inapotulia. Fanya hivyo kulia, juu na chini. Ikitulia mahali tofauti kila upande, springi ni legevu, na hilo sensa ya sumaku haitalifidia. Namba zikirukaruka unaposukuma polepole, hiyo ni kaboni chafu au iliyolika, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Mwisho, sukuma taratibu sana ukitazama ni lini namba inaanza kusogea. Ikikaa sifuri kwa muda halafu ikaruka, dedizoni ni kubwa. Tafuta kama programu ya padi inaruhusu kuipunguza. Isiporuhusu, rudisha. Muuzaji atakwambia "ongeza dedizoni kwenye gemu" unapolalamikia drifti. Usikubali. Hiyo ni kuificha, na kadiri kaboni inavyolika utaiongeza tena na tena hadi analogi haina mwendo mdogo uliobaki.

Kwa wenye padi za kaboni tayari: kama gemu yako inakimbia kwa kubonyeza L3, yaani kuikandamiza analogi ya kushoto, hamishia mbio kwenye batani nyingine. Kusukuma analogi huku umeikandamiza kunabana shingo na moduli kwa pamoja, na analogi ya kushoto ndiyo inayoumia. Tone moja la pombe ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye tundu, analogi ikizungushwa kisha padi ikaachwa ikauke bila kuwashwa, linaondoa unga na kukupa nafuu ya muda. Kaboni iliyokwisha kulika hairudi.