Nimeua iafoni kumi na moja, hii ya kumi na mbili ndo imegoma kufa

Nyumbani kwangu kuna kopo la Blue Band, lile la kilo moja, linakaa juu ya kabati la nguo na mke wangu analiita makaburi. Ndani kuna iafoni zangu zote, zile spika ndogo za masikioni, zilizokufa toka nianze kazi mjini, nilikuwa naziweka humo kwa kusema ipo siku nitazitengeneza, siku yenyewe haijawahi kufika. Mwaka juzi tulivyokuwa tunahama chumba nikazimwaga kitandani nikazihesabu, zikafika kumi na moja. Nikasema hebu ngoja, nikachukua simu nikaanza kuchomeka moja baada ya nyingine, ile ya kukunja waya pale karibu na jeki, unaizungusha taratibu umebana pumzi kama unatafuta stesheni kwenye redio ya mbao, mpaka upande uliokufa unaamka. Kumi ziliamka. Kumi! Iliyogoma kabisa ni moja tu, na hiyo niliifua mwenyewe ndani ya mfuko wa suruali, ikalala kwenye beseni la sabuni usiku kucha.

Yani miaka yote hiyo nilikuwa nazika wazima. Kispika hakina shida, kilichokufa ni waya.

Mi natoka Kimara naenda Posta na kurudi, hapa Dar, kwa mwendokasi, kusimama. Asiyelijua lile basi la asubuhi sina namna ya kumuelezea, ila elewa tu kwamba waya yako inanasa kwenye zipu ya begi la mwenzio, mwenzio anashuka Magomeni, na iafoni inataka kushuka naye. Ikivutwa haiumii popote tu, inaumia sehemu zile zile mbili, shingoni mwa jeki au pale waya inapogawanyika kwenda masikio mawili. Nilizokuwa nanunua ni za machinga, elfu tano, ukimbembeleza elfu nne, zingine zimeandikwa jina la kampuni kubwa na herufi moja imekosewa. Miezi mitatu, minne, kwisha. Zidisha mwenyewe elfu tano mara kumi na moja, mi nilizidisha nikakaa kimya mbele ya mke wangu.

Basi nikachukua tatu nilizokuwa nazipenda sauti nikampelekea fundi mmoja Kariakoo, mtaa wa Aggrey kule kwenye simu, mzee wa watu miwani imeshikwa kwa selotepu. Akachukua wembe akachana ganda la waya kama mtu anayechana bua la muwa, akaniambia sogea uone. Ndani kuna vinywele vyembamba kabisa, vyekundu, vya kijani na vya rangi ya shaba, vimesokotwa pamoja na uzi kama wa kushonea. Mi nikajua ile rangi ni plastiki, akasema hapana mwanangu, hiyo ni vanishi, imepakwa juu ya shaba ili zisigusane, na usipoichoma kwanza lehemu haishiki, ndo maana vijana wengi wanakurudishia kazi siku hiyo hiyo inazima. Akawasha kiberiti cha gesi, moto ukapita juu ya vile vinywele sekunde moja tu, uzi ukayeyuka, vikabaki vyeusi, akavifuta kwa kucha, akagusa lehemu, ikashika. Jeki mpya ya chuma akaifunga. Elfu tatu.

Nikamuuliza itadumu? Akacheka. “Hapa nilipofunga haitakatika. Itakatika hapo mbele kidogo, lehemu inapoishia.” Kwa sababu lehemu inaikaza waya, na waya iliyokazwa inakunjika pale ugumu unapoishia, kila siku pale pale. Akaongeza, kama angekuwa na hela yangu angenunua ile yenye waya ya kuchomoa, ikikatika unatupa waya, kichwa, kile kinachoingia sikioni, unabaki nacho. Ile aliyonifungia ilimaliza wiki sita, ikakatika sentimita moja mbele ya pale alipofunga. Sikumlaumu, mzee alishaniambia.

Hapo ndo nikaanza kutafuta iafoni za waya ya kuchomoa, na nikagundua nilikuwa nimelala. Nilidhani ni vitu vya waimbaji wa jukwaani tu, kumbe zimejaa. Kuna zinazotumia kiungio cha MMCX, kile cha duara kinachoingia kwa kubofya, Shure SE215 ndo ya namna hiyo, utaiona sana masikioni mwa watu wa bendi na kwaya, bei yake nikaona niwaachie wenye bendi. Halafu kuna za pini mbili, unene wa pini milimita 0.78, hizi ndo wachina wengi wanatumia na waya zake za akiba hazina shida kuzipata. Ila usinunue waya kwa kusikia “pini mbili” ukatulia, maana kuna vichwa ambavyo tundu lake la pini limetokeza nje, za kampuni ya KZ nyingi ziko hivyo, waya yake ina kofia ya kulivaa lile tundu, na waya ya kofia sio ya kichwa ambacho hakijatokeza. Angalia umbo kwanza, unene wa pini baadae.

Mi nikaangukia kwa Moondrop Chu II. Sababu yenyewe inachekesha kidogo, Chu ya kwanza ilitoka 2022 na waya yake ilikuwa haichomoki, watu wakaipenda sauti, mwaka uliofuata ikatoka hii ya pili na safari hii waya inachomoka. Nikasema basi hata waliotengeneza wamekaa na mzee wa Aggrey. Ni ya chuma, kispika kimoja cha milimita 10 kila upande, inauzwa kama dola 19 hivi, nikaagiza kupitia watu wa mizigo wanaoleta vitu kutoka China, mpaka mkononi na nauli yake ikanigusa elfu sitini na kitu. Pamoja na waya ya akiba niliyoagiza humo humo, maana nilishajijua.

Waya inapita juu ya sikio na kushukia nyuma, siku mbili za kwanza utajiona unavaa miwani bila vioo. Ila hiyo njia ina maana yake, mtu akivuta, mvuto unaishia kwenye sikio lako badala ya kwenda moja kwa moja kwenye kiungio, na yale makelele ya waya kusugua shati yanapungua.

Sasa niwaambie ujinga wangu. Mwezi wa pili toka niipate nikachomoa waya kusafisha, nikarudisha, nikaweka muziki. Sauti ya mwimbaji imepotea! Vyombo vipo, ila yeye kama anaimbia chumba cha pili, na besi imekauka. Nikazima simu nikawasha, nikabadili programu ya muziki, nikakaribia kuandika malalamiko. Kumbe upande mmoja nilichomeka pini kinyume. Zile pini mbili zina chanya na hasi, ukigeuza upande mmoja, kispika kimoja kinasukuma wakati mwenzake anavuta, kila kilichokuwa katikati, yani sauti ya mtu na besi, kinapoteza mahali pake kichwani mwako. Haiharibu kitu, unageuza tu. Toka siku hiyo nimeweka kidoti cha rangi ya kucha ya mke wangu kwenye waya na kwenye kichwa, nyekundu itazame nyekundu.

Waya ya kwanza ilikatika mwezi wa tisa. Nilisimama ghafla ofisini jeki ikiwa kwenye kompyuta, kiti kimeikanyaga. Kwa zile za elfu tano hiyo ingekuwa ni kopo, ila safari hii nilivuta droo, nikachomoa, nikachomeka ya akiba, chai haijapoa. Ile iliyokatika nikaipeleka kwa mzee akaweka jeki mpya, sasa yenyewe ndo akiba. Naona raha hapo mpaka aibu.

Kuna siku upande wa kushoto ulififia. Zamani ningekunja kunja waya, sasa hivi unabadilisha tu, waya ya kulia unaipeleka kushoto, ukiona ufifiaji umehama ujue waya, usipohama ujue kichwa. Haukuhama. Roho ikaniuma, nikajua nimekiua. Nikaingia kwenye mwanga wa dirisha nikatazama ule wavu mdogo wa mdomoni, upande unaoingia sikioni, umeziba na nta ya masikio yangu mwenyewe, samahani kwa wanaokula. Kwenye Chu II huo mdomo unafunguka kwa kuuzungusha kama skrubu, nikaufungua, nikausafisha kwa mswaki laini na spiriti kidogo, nikauacha ukauke, ukarudi. Mashine yenyewe usiiguse na kitu cha maji, safisha kilichotoka tu. Na vile vipira vya kuziba sikio navyo vioshe kwa sabuni, vikilegea badilisha, kipira kikilegea besi linakimbia na wewe unapandisha sauti bila sababu.

Kuhusu kupandisha sauti, kitu kikiziba sikio vizuri kelele za basi zinapungua na mi nimejikuta nasikiliza chini zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kama desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kabla ya hapo najua nilikuwa navuka maana nilikuwa nataka kumshinda kondakta. Ila ukishuka kwenye basi toa sikio moja, bodaboda haina habari na besi yako.

Sauti yenyewe? Mi ni mtu wa dansi la zamani, zile rekodi za Radio Tanzania, na hapa gitaa la solo, la rizimu na la besi kila moja limekaa pembeni yake, tumba unasikia kiganja kikigusa ngozi. Taarabu fidla inapendeza. Kwa mtu wa singeli anayetaka besi limtetemeshe meno, hii haitamtosha, sio kwamba hakuna, lipo na adabu zake tu. Juu kule, matoazi, kwenye rekodi mbovu yanaweza kukuchoma kidogo.

Pa kujihadhari ni simu. Yangu mpya haina tundu la jeki, kina sie tulidhani ni mambo ya iPhone 7 ya 2016 yameishia huko, yakatufikia. Nikanunua adapta ya taipu C ya elfu tatu, simu ikaniambia kifaa hakitambuliki, kwa sababu zile za bei chee nyingi ni waya tupu, hazina kile kidude ndani cha kugeuza dijitali kuwa sauti, na simu nyingi zinakitaka. Uliza kabla ya kulipa, omba ujaribu na simu yako pale pale. Na hiyo adapta sasa ndo sehemu inayokatika, bora ikatike yenyewe.

Mtaniuliza mbona usichukue za blutuu ukaachana na waya. Nilikuwa nazo, jina siliweki. Mwaka na nusu betri ya kulia ikawa inakaa dakika arobaini, mzee wa Aggrey akaishika, akaizungusha, akanirudishia. Imegundishwa kwa gundi, kuifungua ni kuivunja. Za kufungulika zipo, Fairphone walitoa Fairbuds 2024 ambazo betri unabadilisha mwenyewe, euro 149, hiyo hela kwangu ni kodi ya nyumba.

Sasa hivi ninayo mwaka na miezi minne. Shida iliyobaki ni moja, niliagiza waya ya tatu yenye maiki kwa ajili ya simu za kazini, mke wangu akaiona, akaja akaichomeka kwenye vichwa vyangu “nijaribu tu,” na leo nimepanda mwendokasi nikiwa na waya mbili nzuri sana mfukoni na masikio matupu.