Unguja kwenda Pemba: ndege au boti?

Kwa ndege ni kama kilomita 125 tu toka uwanja wa Unguja mpaka ule wa Chake, nusu saa hivi ushashuka, ila vindege vyenyewe vidogo na mzigo unapimwa kweli, kilo 15 basi, sasa mtu ana gunia la mchele na zawadi za watoto atafanyaje? Boti inachukua masaa, inakushusha bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, halafu bado gari mpaka Chake, Wete ndo mbali zaidi, lakini nauli nafuu na mizigo inapita. Miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, ukishapita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari inachafuka mno, kwa hiyo mgonjwa au bibi mzee jamani mpandisheni ndege. Wazima wenye mizigo, boti.