Kamera ya mtego "isiyoonekana" ambayo kila fisi wa Minjingu ameiona

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu vitu ninavyonunua, na haya nisingeyaandika kama muuzaji angenijibu kwa adabu. Kamera yenyewe ni ile ya kufungwa kwenye mti, inayojiwasha na kupiga picha mnyama anapopita mbele yake, na niliinunua katika duka moja mjini Arusha muda mfupi kabla ya masika. Sifa zake zimejaa kwenye boksi na anayezitaka atazisoma. Mimi ugomvi wangu ni juu ya ahadi moja tu, kwamba mwanga wake wa usiku hauonekani na mnyama wala binadamu.

Shamba letu liko upande wa Minjingu, wilayani Babati, katika ushoroba wa Kwakuchinja, ambao wanyama huutumia kupita kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Mashamba na nyumba za kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati zimeubana mno ushoroba huo, hivyo nyumbu, pundamilia na tembo hulazimika kupita karibu sana na watu, na wengi hungoja giza liingie. Nilitamani picha zao, lakini zaidi nilitaka kumjua anayezunguka zizi la mbuzi nyakati za usiku, kwa sababu chui hazuiwi kwa namna anayozuiwa fisi, na mbwa wa jirani ni kesi nyingine kabisa.

Usiku wa kwanza, nikiwa bado mbali na mti, niliona vitone vyekundu vimejipanga gizani. Kamera hizi hutumia mwanga wa infraredi wa aina mbili, zinazotofautishwa kwa urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanometa, na tofauti hiyo si siri kwa mtu anayefanya biashara hiyo: wa nanometa 850 humulika mbali lakini vijitaa vyake huonekana vyekundu, na wa nanometa 940 jicho la mtu haliuoni, ingawa picha zake huwa na giza zaidi. Mimi nililipia wa pili, tena kwa fedha inayonunua mbuzi wawili walionona, nikapewa wa kwanza.

Ndiyo maana picha zangu karibu zote za usiku zinafanana. Fisi amesimama, anaitazama kamera. Kanu ameinua mguu mmoja, anaitazama kamera. Nungunungu amegeuza kichwa, naye vilevile, kana kwamba wote wameitwa studio kupiga picha za pasipoti. Kuhusu zizi sikujua lolote la maana, kwa kuwa fisi yule yule aliyekuja akashtuka hakuonekana tena upande ule. Labda alihamia upande mwingine wa ua, ambako sina kamera. Tena mwanga unaoonwa na fisi huonwa pia na mtu apitaye usiku kwa shughuli zake, na kamera ya mtini haihitaji ngazi kuibiwa.

Lazima niseme haki, hata kama inaniuma. Kamera hiyo hiyo ilinipigia muhanga akichimbua kichuguu nyuma ya shamba la mbaazi, mnyama ambaye katika miaka yote niliyoishi pale nilikuwa nikiona mashimo yake tu. Muhanga haoni vizuri, hutegemea pua na masikio, na huyu hakuishughulikia taa hata kidogo. Alichimba, akala mchwa wake, akaondoka, nami nikabaki na mfululizo wa picha ambazo nimewaonyesha watu hadi wamenichoka. Kwa picha zile peke yake ningeweza kuisamehe kamera.

Muuzaji simsamehi. Nilimrudishia kamera na boksi lake, nikamwonyesha maandishi, nikamwomba azime taa za stoo ajionee. Badala yake alitoa simu, akaielekeza kwenye kamera na kusema mwanga huo ni wa kawaida, hata simu inauona. Nilimjibu kwamba simu nyingi huona hata ule wa nanometa 940, na kwamba mimi nilitumia macho yangu. Akacheka mbele ya wateja wengine, akasema: "Mzee wangu, kwani fisi amekuja kukulalamikia?" Kisha akaongeza kwamba kifaa kikishafungwa mtini hakirudishwi, sharti ambalo halikuwa kwenye risiti wala kwenye boksi.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema kwamba kamera ni nzuri ila duka ni baya. Sasa, kadiri ninavyolikumbuka cheko lile, sitaki kuisifu hata kamera. Anayetaka picha za mchana tu anaweza kuinunua kwa nusu ya bei niliyolipa mimi. Anayeihitaji kwa ajili ya usiku, kabla ya kutoa shilingi, aombe iwashwe ndani ya chumba chenye giza na aitazame kwa macho yake. Muuzaji akileta habari za simu, arudishe pochi mfukoni.